Abdias do Nascimento: jukwaa lililoiumbua Brazili

Abdias do Nascimento akitajwa siku hizi, hutajwa kwanza kama mwanasiasa: mbunge wa Brazili kuanzia 1983 hadi 1987, seneta katika miaka ya 1990, mwanamajumui aliyevuka mabara akiwasemea watu weusi wa nchi yake. Tamthilia huwekwa mwishoni mwa wasifu wake, kana kwamba ilikuwa kazi ya ujana aliyoiweka kando alipopata mambo mazito zaidi. Naona huko ni kumsoma kinyumenyume. Karibu kila alichokuja kukidai bungeni alikuwa ameshakidai jukwaani miaka 40 kabla, tena kwa njia ambayo mwanasheria au mwanauchumi asingeiweza.

Kwanza tuangalie aina ya ubaguzi aliokuwa akipambana nao. Makaburu wa Afrika Kusini waliuandika wa kwao katika sheria. Kusini mwa Marekani kulikuwa na vibao milangoni. Brazili ilipokea karibu Waafrika milioni 5 waliouzwa utumwani, wengi wao kutoka Angola, Kongo na pwani ya Benin, wengine kutoka Msumbiji, na ikawa nchi ya mwisho katika bara zima la Amerika kufuta utumwa, tarehe 13 Mei 1888. Lakini baada ya hapo haikutunga sheria ya kuwatenga weusi. Juu ya ukimya huo wa sheria ikajengwa sifa kubwa: kwamba Brazili ni demokrasia ya rangi, kwamba damu zimechanganyika na kinyongo kimekwisha. Maandishi ya mwanasosholojia Gilberto Freyre ya miaka ya 1930 yaliisaidia sifa hiyo kukubalika kwa wasomi, na serikali moja baada ya nyingine ikaitembeza duniani. Mweusi aliyelalamika aliambiwa kwamba yeye ndiye anayeleta ubaguzi.

Sasa mtu wa namna hiyo atamshtaki nani, na kwa kifungu gani? Anayekataliwa hotelini anaambiwa vyumba vimejaa. Anayenyimwa kazi anaonyeshwa tangazo linalotaka mtu mwenye mwonekano mzuri, na kila msomaji wa gazeti anajua mwonekano gani unatakiwa. Hakuna hati ya kupeleka mahakamani. Kila tukio, ukilichukua peke yake, lina kisingizio chake.

Jukwaani kisingizio hicho hakina pa kujificha. Tamthilia ikiwa na mhusika mweusi, lazima mtu apande akamwigize, na hadhira nzima imwone ni nani. Hapo ndipo Abdias alipoukamata uongo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1914 mjini Franca, jimbo la São Paulo, baba yake fundi viatu, mama yake akitengeneza peremende na vitamutamu vya kuuza. Alikuwa na umri wa miaka 27, akizunguka Amerika ya Kusini na kundi la washairi wenzake, alipoingia katika ukumbi mmoja jijini Lima, Peru, mwaka 1941, kutazama The Emperor Jones, tamthilia ya Mmarekani Eugene O'Neill. Mhusika mkuu ni Mmarekani mweusi aliyetoroka gerezani akajifanya mfalme kisiwani. Aliyemwigiza alikuwa Hugo D'Evieri, mzungu wa Argentina, uso umepakwa weusi. Abdias alieleza baadaye kwamba usiku ule alianza kujiuliza maswali kuhusu nchi yake mwenyewe, maana huko nako mweusi jukwaani alikuwa mtumishi wa kubeba sinia, kijana wa kuchekesha watu, au mzungu aliyejipaka rangi. Watu wengi wangeishia kukasirika. Yeye aliondoka na wazo la kazi.

Kazi yenyewe ilianzia pabaya. Aliporejea Brazili alijikuta akitumikia kifungo katika gereza la Carandiru, São Paulo, kwa hukumu aliyopewa akiwa hayupo mahakamani, iliyotokana na vurugu za kupinga kubaguliwa. Humo gerezani akaanzisha kikundi cha tamthilia cha wafungwa, wakiandika wenyewe, wakiigiza wenyewe. Alipotoka akahamia Rio de Janeiro, na Oktoba 1944 akaanzisha Teatro Experimental do Negro, yaani Tamthilia ya Majaribio ya Watu Weusi, ambayo wenyewe waliifupisha kuwa TEN.

Kulianza kelele kabla hata pazia halijafunguliwa. Tahariri ya O Globo, gazeti kubwa la Rio, ililaani wazo la kikundi cha weusi kwa hoja kwamba litaleta utengano usiokuwapo nchini. Hoja hii itamfuata Abdias maisha yake yote. Mia kwa mia ya waigizaji wakuu ni weupe na hakuna anayeuita huo utengano. Weusi kumi wakikutana kufanya mazoezi, taifa limegawanyika.

TEN iliwakusanya wafanyakazi wa nyumbani, vibarua, wakazi wa vitongoji vya mabanda na watumishi wa ngazi ya chini serikalini. Wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo kabla ya kukariri maneno ya mhusika, ilibidi wayasome, na kabla ya kuyasoma, wajifunze herufi. Ironides Rodrigues, mwanafunzi wa sheria, alifundisha darasa la kusoma na kuandika, na kwa maelezo ya Abdias watu wapatao 600 walijiandikisha. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaomkumbuka Paulo Freire, mwelimishaji wa Brazili, na kisomo chake cha watu wazima wajue kwamba darasa hili lilitangulia jaribio lake maarufu katika mji wa Angicos kwa karibu miaka 20. Freire anafundishwa vyuoni dunia nzima. Darasa la TEN halitajwi, nadhani kwa sababu watu wanapoandika historia ya elimu hawaendi kutafuta katika vyumba vya mazoezi ya maigizo.

Kuwapo kwa wafanyakazi wa nyumbani kulibadilisha kikundi chenyewe. Sheria ya kazi ya Brazili ya 1943, iliyosifiwa mno kwa kumlinda mfanyakazi, iliwaacha nje watu wa kazi za ndani, ambao wengi wao walikuwa wanawake weusi. TEN ililichukua suala lao. Katika gazeti la kikundi, Quilombo, lililotoka kati ya 1948 na 1950, Maria de Lourdes Vale Nascimento, mke wa Abdias wakati huo, aliandika safu ya kuwatetea mwezi baada ya mwezi. Haki nyingi alizozidai ziliingizwa katika katiba ya Brazili mwaka 2013.

Onyesho la kwanza la TEN lilikuwa tarehe 8 Mei 1945, siku ileile vita vilipokwisha Ulaya, ndani ya Theatro Municipal, ukumbi wa marumaru na dhahabu ambako mabwana wa Rio walikwenda kusikiliza opera. Mweusi aliingia humo kufagia. Walichagua tamthilia ileile ya Lima, na O'Neill aliwaandikia barua akiwaruhusu kuitumia bila malipo. Uteuzi huo si wa bahati nasibu. Abdias angeweza kuandika makala kuhusu alichokiona Peru. Badala yake aliirudia tamthilia ile neno kwa neno, kila kitu kilekile, isipokuwa ngozi ya mwigizaji. Aguinaldo Camargo, ambaye hakuwa na uzoefu wa jukwaa, alimwigiza Brutus Jones kwa namna ambayo wahakiki waliokuja na mashaka waliondoka wakiandika kwamba nchi imepata mwigizaji mkubwa. Katika nafasi ndogo ya mwanamke mzee mwenyeji wa kisiwa alikuwapo Ruth de Souza, aliyeingia katika historia usiku huo kama mwigizaji wa kwanza mweusi wa kike kupanda jukwaa hilo. Mwaka uliofuata Abdias mwenyewe aliigiza kipande cha Othello ya Shakespeare, na Desdemona wake alikuwa Cacilda Becker, mmoja wa waigizaji wakubwa wa kizungu wa kizazi kile.

Wapo wanaosema hayo yote yalikuwa ya kuigiza tu, katika maana zote mbili. Nawaomba watazame kilichotokea 1948. Nelson Rodrigues, mwandishi wa tamthilia mweupe na rafiki wa Abdias, alikuwa ameandika Anjo Negro, kisa cha Ismael, daktari mweusi aliyeoa mwanamke mweupe. Alimtaka Abdias aigize. Kwa maelezo ya Abdias, wakubwa wenye mamlaka juu ya jukwaa rasmi waliikubali tamthilia kwa sharti kwamba Ismael awe mzungu aliyepakwa rangi. Ilipoonyeshwa Rio mwaka huo, Ismael aliigizwa na Orlando Guy, mzungu, uso umepakwa weusi.

Jaribu kuieleza hiyo kwa kutumia demokrasia ya rangi. Maneno ya tamthilia yalikuwa yameruhusiwa. Ndoa ya weusi na weupe ilikuwa imeruhusiwa, kwenye karatasi. Mwigizaji alikuwapo, ana uzoefu, mwandishi anamtaka. Kilichokataliwa ni mwili wa mtu mweusi kumgusa mwanamke mweupe mbele ya watu waliolipa kiingilio. Nchi isiyokuwa na sheria ya ubaguzi ilikuwa imejiandikia sheria hiyo usoni mwa Orlando Guy, kwa rangi ya kupaka.

Na isidhaniwe kwamba ni mambo ya zama za kale. Mwaka 1969, miaka 25 baada ya TEN kuanzishwa, televisheni ya Globo ilirusha tamthilia ya mfululizo iliyotokana na kisa cha Mjomba Tom, riwaya ya Kimarekani kuhusu mtumwa mweusi. Tom aliigizwa na Sérgio Cardoso, mzungu aliyepakwa weusi. Mkewe aliigizwa na Ruth de Souza. Mwanamke aliyefunza kizazi kizima kuigiza akawekwa kando ya mume wa rangi ya kupaka, na watu wakatazama wakiwa nyumbani kwao. Plínio Marcos, naye mwandishi wa tamthilia, alipiga kelele magazetini. Abdias hakuwapo, alikuwa uhamishoni.

Lakini kabla ya uhamisho kuna tamthilia yake mwenyewe, na hapa lazima nimseme kwa haki, sifa na dosari. Sortilégio aliiandika mwaka 1951. Wadhibiti wa serikali waliizuia kwa madai ya uchafu wa lugha, na haikuonyeshwa hadi Agosti 1957, tena katika Theatro Municipal. Emanuel ni wakili mweusi, msomi, aliyefanya kila alichoambiwa kitamfanya akubalike: akasoma, akaoa mwanamke mweupe, akaicheka dini ya wazee wake. Tunamkuta usiku, mlimani, akiwakimbia polisi baada ya kumuua Margarida, mkewe. Mahali alipokimbilia ni uwanja wa ibada ya Candomblé, dini ya Brazili yenye asili ya Afrika, penye madhabahu ya Exu, orisha, yaani mmoja wa miungu ya dini hiyo, wa njia panda. Anaanza kwa kudharau sadaka anazozikuta chini. Ngoma zinapigwa, mambo yaliyopita yanamrudia, na kidogo kidogo anavua alichokivaa maisha yake yote, mpaka nguo zenyewe, na mwisho anakufa kwa mkuki wa Exu mikononi mwa wanawake wa ibada hiyo.

Nguvu ya tamthilia hii iko katika kuihamisha vita. Anjo Negro ya Orlando Guy ilionyesha mzungu aliyejipaka weusi. Emanuel ni kinyume chake: mweusi ambaye jamii imempaka weupe kwa ndani, kupitia shule, ndoa na aibu, na ambaye hajui tena wapi rangi ile inaishia na yeye anaanzia. Abigail Moura, kiongozi wa Orquestra Afro-Brasileira, alitunga muziki wa onyesho la 1957, na ngoma zilitoka uani, zilikozoea kufukuzwa na polisi, zikasikika katika ukumbi wa opera. Miaka michache nyuma polisi wa Brazili walikuwa bado wakivamia nyumba za Candomblé na kuchukua vifaa vya ibada kama vielelezo vya uhalifu. Kuipa dini hiyo jukwaa lile, ikiwa ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya msomi, lilikuwa jambo la ujasiri mkubwa.

Dosari yake ni wanawake. Margarida mweupe yupo ili auawe. Ifigênia, mpenzi wa kwanza wa Emanuel, mweusi, amesukumwa kwenye ukahaba, na mateso yake yanahesabiwa kama hasara ya Emanuel. Ukombozi wa mwanamume mmoja unalipiwa na wanawake wawili, na tamthilia haioni ajabu. Linaniuma hilo kwa sababu mwandishi alikuwa anajua vizuri zaidi. Kikundi chake kilibebwa na wanawake. Ruth de Souza, Léa Garcia aliyemwigiza Ifigênia mwaka 1957, Maria de Lourdes na safu yake gazetini, wafanyakazi wa nyumbani waliotoka kazini usiku wakaja kusoma: hakuna hata mmoja wao aliyefanana na wanawake wa Sortilégio. Léa Garcia alilazimika kumpa Ifigênia uhai ambao karatasi haikuwa nao. Abdias aliirudia tamthilia hiyo na kuchapisha toleo la pili mwaka 1979, akiunganisha kisa na kumbukumbu ya Zumbi, kiongozi wa Palmares, makazi ya watoro waliopigana na Wareno hadi mwisho wa karne ya 17. Toleo hilo lina upeo mpana zaidi kisiasa. Kwa wanawake deni bado halikulipwa lote.

Mwaka 1968 alikwenda Marekani kwa ziara ya masomo. Desemba mwaka huo utawala wa kijeshi wa Brazili ulitoa amri iliyofunga bunge na kuruhusu watu kukamatwa ovyo, na ziara ikageuka uhamisho wa miaka 13. Alifundisha chuo kikuu mjini Buffalo, jimbo la New York, akaanza kuchora picha za orisha, na akaanza kuisema Brazili mbele ya Waafrika.

Juni 1974 alikuwa Dar es Salaam. Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere, lilifanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, la kwanza la aina yake kufanyika katika ardhi ya Afrika. Historia ya kongamano lile husimuliwa kwetu kwa majina ya Walter Rodney na C.L.R. James, ambaye hakuja kwa kupinga vikundi vya upinzani vya Karibiani kuachwa nje. Abdias hatajwi, ingawa alizungumza kwa ajili ya mojawapo ya jamii kubwa kabisa za watu wenye asili ya Afrika nje ya bara hili. Mabishano makali yalikuwa juu ya tabaka na rangi: je, ubepari ukianguka, ubaguzi nao utaanguka? Abdias alishakutana na hoja hiyo kwao, kwa weupe wa mrengo wa kushoto waliomwambia asubiri mapinduzi kwanza. Jibu lake lilikuwa kwamba tabaka pekee halitoshi kueleza kilichompata mweusi wa Brazili, na hotuba yake aliichapisha katika O Quilombismo, mwaka 1980. Naamini alikuwa sahihi, na naamini alijua kwa sababu ya jukwaa. Mzungu maskini na mweusi maskini walikuwa tabaka moja, lakini mzungu angeweza kupakwa rangi akapewa nafasi ya mweusi, na kinyume chake hakijawahi kutokea.

Miaka mitatu baadaye, akiwa mhadhiri Ile-Ife nchini Nigeria, aliandaa mada kwa ajili ya kongamano la FESTAC 77, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi na Waafrika, mjini Lagos. Serikali ya Brazili haikutaka isomwe, na mada ikakataliwa. Akaichapa na kuigawa. Humo aliita kwa jina lake kile alichoona kinafanywa dhidi ya weusi wa Brazili, kwa umaskini na kwa sera ya kuwafanya wapotee ndani ya weupe: mauaji ya halaiki.

Alirudi nyumbani 1981. Aliposimama kuhutubia kama seneta alianza kwa kuomba ulinzi wa Olorun, Mungu mkuu wa Candomblé, na wapo waliocheka. Hawakuelewa kwamba alikuwa anafanya alichofanya 1957: kuipeleka dini iliyofukuzwa mahali ambapo haikualikwa, mbele ya watu wasioweza kuondoka.

Ruth de Souza aliigiza hadi uzeeni akafariki mwaka 2019 akiwa na miaka 98. Léa Garcia aliendelea mpaka 2023. TEN haikupata ukumbi wake wala haikudumu baada ya 1968, na wahakiki wanaoihesabu kwa idadi ya maonyesho huiona ndogo. Mimi naipima kwa muswada ambao Abdias aliufikisha bungeni mwaka 1983. Alitaka nafasi za kazi serikalini zitengwe, asilimia 20 kwa wanaume weusi na asilimia 20 kwa wanawake weusi, wakitajwa kwa jina lao. Ni hesabu ya mtu aliyezoea kuuliza nani anapewa nafasi gani, na nadhani pia ni masahihisho yake mwenyewe kwa mwandishi wa Sortilégio. Muswada haukuwahi kuwa sheria. Alifariki Mei 2011. Aprili 2012 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilikubali kwa kauli moja kwamba vyuo vikuu vinaweza kutenga nafasi kwa wanafunzi weusi. Mwaka 2014 ikapita sheria ya ajira za serikali kuu: asilimia 20 kwa weusi wote, wanaume na wanawake kwa pamoja. Mwaka 2025 ikapandishwa kuwa 30, ikigawanywa pia na wenyeji wa asili na wazawa wa makazi ya watoro. Abdias alikuwa ameomba 40.